NFS baina ya Mac, Linux na FreeBSD: tazama namba kabla hujagusa waya

Mashine zikigoma kuonana tu, vijana wengi hapa mjini la mwanzo wanabadilisha kebo, la pili wanazima fayawoli, halafu ndo wanapiga simu. Mie nashauri vingine. Kama unashea mafaili kwa NFS (njia ya kompyuta moja kutumia folda ya nyingine kupitia mtandao) na ping, yaani mashine moja kuiita nyingine, inajibu basi waya mara nyingi hauna kosa lolote, shida iko kwenye namba.

Chukua studio moja ya harusi huko Mlandege, wana seva ya Debian (aina ya Linux) inayoweka video zote, edita yuko kwenye Mac, na kuna kompyuta ya FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ya bekapu. Edita kila akimaunti folda, yaani kuiunganisha kwenye Mac yake, anapata "Operation not permitted". Akanambia, "Fundi, ping inakwenda, showmount -e inaniletea folda, sasa kinachokataa nini?" Nikamwambia yakhe, jibu liko kwenye logi ya seva, tukafungua tukakuta rpc.mountd, programu ya seva inayopokea maombi ya kumaunti, kaandika "refused mount request" na mwishoni "illegal port".

Iko hivi, seva ya Linux usipoiambia vingine inakubali ombi likitoka kwenye poti (namba ya mlango wa programu kwenye mtandao) ya chini ya 1024 tu. Ni utaratibu wa zamani, NFS yenyewe wameitoa Sun Microsystems miaka ya 1980, na poti hizo kwenye Unix alikuwa anazifungua root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake kwa hivyo ombi likitoka huko lilikuwa linaaminika. Mac yeye hutumia poti ya juu, anarudishwa mlangoni. Unaweza kuweka insecure, yaani poti yoyote ikubaliwe, kwenye /etc/exports ya seva (faili la folda zinazosheawa) lakini mie napenda kurekebisha upande wa Mac, seva naiacha ilivyo:

sudo mount -t nfs -o resvport,vers=3 192.168.1.10:/srv/harusi /Users/Shared/harusi

Hiyo resvport ndo inaiambia Mac itumie poti ya chini. Ikakubali, furaha, edita akasevu faili, "Permission denied". Hapa ndo watu wanakimbilia chmod 777 na nawaomba sana msifanye hivyo, maana hujatibu kitu, umefungulia kila mtu tu.

NFS ya kawaida haipeleki jina la mtumiaji, inapeleka namba yake. Andika id kwenye kila mashine uone mwenyewe: mtumiaji wa mwanzo kwenye Mac ni 501, kwenye Debian 1000, kwenye FreeBSD 1001. Kote anaitwa "studio", paswedi ile ile, lakini kwa seva hao ni watu watatu tofauti hawajuani kabisa! Kwa studio ambayo mafaili ni ya wote nimeweka hivi kwenye /etc/exports:

/srv/harusi 192.168.1.0/24(rw,sync,all_squash,anonuid=1000,anongid=1000)

halafu exportfs -ra ili seva isome faili upya. Yeyote anayeingia anahesabiwa 1000, kwisha. Ofisini ambako kila mtu ana mafaili yake ya siri usitumie hii, bora ukae ulinganishe namba za watu mashine zote, kazi ndefu lakini ndo sahihi.

Na hapo kabla ya mabano usiache nafasi. Ukiiacha, mtandao wako unabaki na ruhusa ya kusoma tu na hiyo rw (kusoma na kuandika) inakwenda kwa dunia nzima, nafasi moja tu hiyo.

Siku seva ikiwa ni ile FreeBSD, mstari huu usiukopi, mountd yake itakwambia "bad exports list line" kwenye /var/log/messages. Kule hakuna mabano, unaandika /harusi -mapall=studio -network 192.168.1.0/24, kisha service mountd reload.

La mwisho ni umeme, na sisi visiwani tunajuana. Seva ikizimika katikati ya kukopi, mashine nyingine zinaganda, watu wanaona uvivu kusubiri wanaweka soft kwenye -o ya kumaunti, badala ya hard inayosubiri mpaka seva irudi, ili zisigande. Kwa folda ya kuandikia mie siikubali, kwa sababu soft ikichoka kusubiri inarudisha erori na faili inaweza kubaki nusu, na hiyo ni harusi ya mtu. Acha hard, seva ikirudi kukopi kunaendelea pale pale kulipoishia. Kama una pesa ya UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nunua, na swichi nayo ichomeke humo humo, wengi wanaisahau.