Bwana mifugo analipwa shingapi?

Kila matokeo ya form four yakitoka inbox yangu inajaa swali lile lile, kaka eti nikisoma mifugo mshahara wake ukoje, sasa leo naweka hesabu hapa kila mtu aione.

Ukiwa na stashahada ya afya ya mifugo, uwe umesoma LITA (wakala wa serikali wa vyuo vya mifugo) Tengeru, Mpwapwa au kampasi nyingine, serikalini unaingia kama Afisa Mifugo Msaidizi daraja la II, ngazi ya mshahara wa serikali TGS C, mwenye astashahada anaanzia TGS B. Kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000, kabla ya hapo kilikuwa 370,000. Ila wadogo zangu makato huwa hamuulizi kabisa. Tuseme basic yako ni laki saba: mfuko wa pensheni PSSSF 5% inaondoka 35,000, bima ya afya 3% ni 21,000, kodi ya mshahara (PAYE) 49,000, mkononi unabaki na 595,000 na hapo bodi ya mkopo haijagusa kitu.

Halafu hiyo hiyo hela ndo inakwenda kuendesha kazi yenyewe. Nenda kata yoyote yenye ng'ombe wa maziwa uone, simu inaita alfajiri, ng'ombe ana joto, yaani anataka dume, na aliyeonekana asubuhi inabidi ahimilishwe (apandikizwe mbegu kwa mrija) jioni, wa jioni kesho yake asubuhi, hakuna cha Jumapili wala Idi. Mtungi wa nitrojeni ya kugandishia mbegu nyuma ya pikipiki, mafuta unaweka mwenyewe, ukifika unaomba maji ya vuguvugu unayeyusha mrija wa mbegu, mkono unazama mpaka karibu na bega, na ukichelewa mfugaji anasubiri siku kama 21 nyingine ndo joto lirudi. Unamaliza, unanawa, mtu anakwambia "daktari si unalipwa na serikali?" Jamani hili linaniuma sana kwa sababu mrija unanunuliwa, glovu zinanunuliwa, nitrojeni inanunuliwa, na huyo ndama akizaliwa jike mfugaji anajua kabisa atakuja kumuuza bei gani.

Private huko, mashamba ya kuku na maduka ya dawa za mifugo, ni makubaliano tu na wengi ninaowajua walianza na hela ndogo kuliko ya serikalini. Wanaopumua ni waliojiajiri, wapo Rungwe, Hai, Arumeru, wana wateja wao wa kudumu, leo chanjo ya mdondo wa kuku, kesho kukata pembe, keshokutwa uhimilishaji, hela inaingia kidogo kidogo kila siku, ila lazima uwe umeorodheshwa na Baraza la Veterinari, usije ukashika sindano kienyeji.

Kwa hiyo mdogo wangu kabla hujajaza fomu ya chuo mtafute bwana mifugo wa kata yenu, muulize kwa wiki anaweka mafuta ya shingapi na nani anamrudishia.