Swali moja katikati ya mhadhara wa watu 300

Ukumbi ukiwa na wanafunzi 300, kuuliza "mmeelewa?" hakusaidii kitu. Wataitikia ndiyo, kisha mtihani useme mengine. Njia ninayoiamini zaidi ni ile aliyoianzisha Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991: wanafunzi wafundishane wenyewe kwa wenyewe.

Fundisha dakika 10 hadi 15, kisha weka swali moja la dhana, la kuchagua jibu, lisilohitaji kukokotoa. Majibu potofu yachukue kutoka makosa halisi ya mitihani iliyopita. Ya kubuni hayamnasi mtu. Mfano: jiwe lililorushwa wima likifika kileleni, mchapuko wake, yaani kiwango cha kubadilika kwa mwendokasi wake, ni upi? Wengi hukosea na kuandika sifuri, kwa kuwa jiwe limesimama. Basi sifuri iwemo.

Kila mtu afikiri peke yake, kimya, dakika moja au mbili, apige kura kwa simu au kadi za rangi. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi usonge mbele. Katikati hapo ndipo penye utamu: kila mmoja atafute jirani mwenye jibu tofauti, wabishane dakika tatu, wapige kura tena.

Kinachoharibu yote ni kuonyesha matokeo ya kura ya kwanza kabla ya mjadala. Wakiona B inaongoza, wote wanahamia B na ubishi unakufa. Tafadhali, yafiche.

Na silabasi itamalizikaje, muda ukiliwa na mijadala? Mada nyepesi wazisome kabla ya kipindi.