Mawe hayana kabila

Shuleni tulikaririshwa kwamba miamba iko ya aina tatu, ya moto, tabaka na geu, unajibu mtihani unapata maksi zako unasahau. Shida ya huo mtindo ni kwamba mtu anabaki akidhani ni kama makabila matatu, jiwe likizaliwa graniti litakufa graniti. Wapi! Jina la jiwe linakwambia tu mara ya mwisho lilipitia nini.

Nina kipande cha graniti hapa mezani, kimevunjika upande mmoja, nikikimulika na tochi ya simu naona zile chembe za pinki zenye uso bapa unaometameta ukizungusha jiwe, hizo ni feldispa, za kijivu kama kioo kichafu ni kwatzi, na vile vyeusi vinavyobanduka na kucha kama magamba ni maika. Ukiona chembe kubwa hivyo ujue rojo, yaani mawe yaliyoyeyuka ambayo yakipoa ndo yanakuwa miamba ya moto, ilipoa taratibu mno huko chini, maelfu na maelfu ya miaka, fuwele, yaani hizo chembe, zikapata muda wa kukua. Rojo ikitoka nje inapoa fasta, chembe zinabaki ndogo hata huzioni, na ikipoa ghafla kabisa unapata obsidiani ambayo ni kioo tu. Halafu tafadhali, chini ya miguu yetu hakuna bahari ya moto, sehemu kubwa ya huko ni mawe magumu ya moto sana, yanayeyuka pale yanapopanda juu mgandamizo ukapungua, au maji yakiyaingia.

Tabaka ni rahisi, mvua na mito inasaga, mchanga na tope vinalundikana, vinashikana. Ila kumbuka kilele cha Everest ni jiwe la chokaa lililojijenga chini ya bahari, lina mabaki ya viumbe wa baharini kule juu mita 8,800 na ushee.

Sasa miamba geu ndo watu wengi wanachanganya, wanadhani jiwe liliyeyuka. Haliyeyuki, likiyeyuka si linarudi kuwa la moto? Linaiva humohumo likiwa gumu, linabanwa, linapashwa, fuwele zinajipanga upya. Chokaa inakuwa marumaru hivyo. Nilikwangua marumaru nikapata unga kidogo nikaudondoshea siki, ukatoa povu kama chokaa yenyewe, kwa sababu madini ni yaleyale kalisaiti, kilichobadilika ni mpangilio.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Jack Hills, Australia. Kuna vichembe vya zirkoni pale, madini magumu yasiyoharibika kirahisi, vidogo kama mchanga laini, vingine vina umri wa miaka bilioni 4.4 hivi, na wanajua kwa sababu ndani yake kuna urani, elementi ya mionzi, inayogeuka kuwa risasi (ile metali) polepole kwa kasi inayojulikana. Vilizaliwa kwenye rojo, mwamba wake ukasagika wote ukaisha, vyenyewe vikasombwa na maji vikalala kwenye changarawe iliyoshikana kuwa mwamba tabaka kama miaka bilioni 3 iliyopita, kisha huo nao ukabanwa na kupashwa hadi ukawa geu, na zirkoni imo tu, umri wake uleule. Ulizwe kwenye mtihani hilo jiwe ni la aina gani, andika geu, chukua maksi yako moja.