Mota ya kayaki ilikuwa inaishiwa nguvu, kumbe tatizo waya

Wadau, wiki mbili nimehangaika na mota ya umeme ya volti 12 niliyofunga kwenye kayaki yangu ya kuvulia hapa Mikindani. Spidi ndogo inaenda poa, ukipeleka ya mwisho propela inalegea na waya unachemka mpaka hushiki. Nikalaumu betri, nikaazima ya jamaa, hali ileile. Ndo nikachukua mita ya kupimia umeme nikapima huku mota inazunguka majini: kwenye betri volti 12.3, kwenye mota 9 na kitu! Yani volti tatu zinapotelea njiani. Betri niliiweka omo (mbele) ili uzito ukae sawa, mota iko tezi (nyuma), na waya ni ule mwembamba wa nyumba wa 2.5 (milimita za mraba), sasa mota ikikaza inakula kama ampea 40, waya ule utaweza wapi. Nimeweka waya mnene wa mashine ya kuchomelea, wa 16, betri nikaisogeza karibu na kiti, fyuzi ya ampea 50 pale pale kwenye betri (hiyo msiache jamani, nyaya zikigusana zinawaka na wewe uko katikati ya maji), viungio nikapaka grisi sababu chumvi inakula shaba haraka mno. Juzi nimerudi maji yanakupwa, mkondo unanisukuma nje, spidi ya mwisho muda wote, nimeshika waya wa baridi kabisa.