Upande wa Nyuma wa Ratiba

Niliandika jina langu, namba yangu ya mtihani na tarehe. Baada ya hapo nilikaa saa mbili na nusu mbele ya karatasi, na nilipoikabidhi ilikuwa karibu nyeupe kama nilivyopewa.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa hisabati, mwaka wangu wa mwisho wa shule, miezi mitatu kabla ya mtihani wenyewe. Swali la kwanza nililisoma mara sita au saba. Maneno yote nilikuwa nayajua, lakini kila nilipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeshanitoka. Vidole vilikuwa baridi. Nilisikia kalamu za wenzangu zikikwaruza, nikawa nahesabu kurasa wanazofunua badala ya kuhesabu nilichoulizwa. Msimamizi alipopita mara ya tatu alisimama nyuma yangu kidogo. Nikachukua rula nikachora mistari miwili ya grafu, wima na mlalo, ili aone mkono unafanya kazi. Akaondoka. Mistari ile miwili ndiyo iliyobaki hadi mwisho.

Nje, wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu jibu la swali la nne. Nilipita pembeni kama mtu mwenye haraka.

Nieleze hali niliyokuwa nayo wakati ule, kwa sababu wengi waliiita uvivu, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Kwenye ripoti yangu ya muhula uliotangulia mwalimu mmoja alikuwa ameandika: "Ana uwezo, ila hajitumi." Sentensi ile niliibeba kifuani miezi mingi. Nilikuwa nimeketi mezani kila jioni. Sikuwa nazurura, sikuwa na starehe yoyote. Nilifungua kitabu saa mbili usiku, na saa sita nilikuwa bado ukurasa ule ule, nimechoka kuliko mtu aliyelima. Asubuhi nilijisikia mzito tangu kitandani. Masomo niliyoyapenda tangu utotoni yalikuwa yamepoteza ladha. Mtu asiyejali halali akijichukia hivyo.

Kitu pekee nilichokifanya kwa moyo wote mwezi ule ni ratiba. Niliichora mara nne. Hisabati rangi ya bluu, fizikia nyekundu, kemia kijani, lugha njano. Visanduku vyote vya ukubwa mmoja, nimepima kwa rula, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku, siku saba za wiki. Nikiwa naichora nilitulia kabisa. Nilimwona yule mwanafunzi atakayeifuata, nikampenda. Kisha siku ya kwanza ningechelewa kuamka, kisanduku cha kwanza kingepita, na siku nzima ingekuwa imeharibika machoni pangu. Baada ya siku mbili tatu ratiba ilikuwa imegeuka orodha ya makosa yangu iliyobandikwa ukutani, basi naitoa, nachukua karatasi mpya na rula. Leo naona wazi kwamba kuchora ndiko kulikokuwa kusoma kwangu. Kulinipa hisia ya kazi bila hatari ya kukosea.

Usiku wa siku ile ya mtihani dada yangu mkubwa alinikuta mezani. Yeye ni muuguzi, na wiki ile hakuwa kwenye zamu ya usiku. Ilikuwa saa saba usiku.

"Bado hujalala, mdogo wangu?"

"Nasoma, dada."

"Unasoma nini?"

Ilinibidi nitazame jalada la kitabu ndipo nijibu. Aliona. Akatoka, nikadhani amekwenda kulala, lakini akarudi na blauzi ya sare yake ya kazi, sindano na uzi mweupe. Akavuta kiti, akaanza kushona kifungo kilicholegea. Hakuniuliza kitu. Nadhani kama angeniuliza nikiwa nimetazamwa usoni nisingesema. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kifungo, na mimi nikajikuta nasema yote: karatasi nyeupe, msimamizi, ile mistari miwili.

Namshukuru mpaka leo kwamba hakuniambia nijitahidi. Jitahidi ni neno jema kwa mtu anayejua pa kuanzia. Mimi nilikuwa nimelisikia mpaka likawa linanifunga koo.

Badala yake aliniuliza swali ambalo sikulitegemea, tena kwa sauti ile ile ya kawaida, sindano ikiwa hewani: "Umewahi kutamani usiwepo kabisa? Kufa?"

Nilishtuka. Nikamwambia hapana, kweli kabisa hapana. Nilichotamani ni mwaka ule usiwepo. Akanitazama kidogo kuhakikisha, akasema, "Sawa. Jibu hilo likibadilika, hata usiku wa manane, unaniamsha. Nisipokuwepo unamwamsha mama. Na hospitali tunakwenda siku hiyo hiyo." Baadhi ya watu wanaogopa kwamba swali kama hilo linaweza kumpandikizia mtu wazo. Halipandikizi. Kwangu lilifanya kinyume chake: kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amelichukulia jambo langu kwa uzito wake, na mabega yakashuka.

Kisha akainuka, akabandua ratiba ukutani, akaigeuza upande wa nyuma na kuiweka mbele yangu.

"Andika hapo kila kitu unachokiogopa. Usinionyeshe."

Nilidhani nitaandika mambo ya hisabati. Nilianza nayo kweli: logarithimu, uwezekano, maswali ya maelezo marefu. Lakini kufikia mstari wa nne kalamu ilikuwa imeshaacha masomo. Niliandika kwamba sitapata nafasi kwenye kozi ninayoitaka. Niliandika kwamba mama hatagomba, atanyamaza, na nilikuwa naogopa kunyamaza kwake kuliko ugomvi wowote. Niliandika kwamba rafiki zangu watasonga mbele niwe napishana nao njiani bila la kuzungumza. Na mstari wa nane ulinitoka bila kuupanga: *watajua kwamba sikuwa na akili tangu mwanzo.*

Niliutazama mstari ule muda mrefu. Jambo lote lilikuwa pale. Maadamu sisomi, nikifeli nitasema sikusoma. Nikisoma kwa nguvu zangu zote kisha nikafeli, nitasema nini? Ule uvivu wangu ulikuwa kinga. Ulikuwa unalinda sifa ya mtoto mwenye akili kwa kuhakikisha akili yenyewe haiwekwi kwenye mizani.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Gerardo Ramirez na Sian Beilock, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2011. Waliwaomba wanafunzi waandike hofu zao kwa dakika 10 hivi kabla tu ya mtihani, na waliokuwa na wasiwasi mwingi wakafanya vizuri kuliko wenzao wenye wasiwasi kama huo ambao hawakuandika hofu zao. Maelezo yao ni kwamba wasiwasi unakalia nafasi ile ile ya akili inayotakiwa kushika namba wakati unakokotoa. Ukiutua kwenye karatasi, nafasi inapatikana. Nilipoyasoma hayo niliwaza ile sentensi iliyonitoka kila nilipofika mwisho wake. Dada yangu hakuwa amesoma utafiti wowote wa namna hiyo. Aliniambia baadaye kwamba alizoea kufanya hivyo mwenyewe baada ya zamu mbaya.

Orodha iliishia kwenye mambo kumi na moja. Dada alikuwa amemaliza kifungo, akakata uzi kwa meno.

"Sasa fanya swali moja. La leo achana nalo. Tafuta la zamani, la kitabu cha miaka miwili iliyopita."

Nilikataa. Niliona ananidharau. Akasema, "Fanya tu."

Kitabu cha zamani kilikuwa chini ya kitanda. Nikachukua swali la kwanza nililokutana nalo: x² − 5x + 6 = 0. Namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6 na ukizijumlisha unapata 5. Mbili na tatu. Nilimaliza kabla sijakaa vizuri, na bado sikuhisi lolote. Nikafanya la pili. La tatu lilikuwa 2x² + x − 15 = 0, na hilo likanishika. Nilipata 2.5 na 3. Nikarudisha 3 kwenye mlinganyo kuhakiki: 18 jumlisha 3 toa 15, ikabaki 6 badala ya sifuri. Nikapitia mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa alama moja tu. Niliacha alama ya kutoa njiani. Ilikuwa −3. Nikairudisha: 18 toa 3 toa 15, sifuri.

Sijui nisemeje jinsi sifuri ile ilivyonifurahisha. Nilikuwa nimekosea, na hakuna kilichoanguka. Nilikuwa nimelitafuta kosa kwa mkono wangu nikalipata. Miezi yote ile nilikuwa nasubiri hamu ije ndipo nianze kusoma. Usiku ule haikuwepo kwenye swali la kwanza wala la pili. Ilinikuta kwenye la tatu, mkono ukiwa umeshaingia kazini.

Nikageuza ukurasa nifanye la nne. Dada akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Kalale."

"Dada, ndiyo kwanza naanza kuweza!"

"Ndiyo maana. Kalale nayo hiyo."

Akaniuliza nalala saa ngapi kwa siku. Nne, wakati mwingine tano. Akasema kazini anawaona watu wazima, wenye ujuzi wao, wanavyoanza kukosea dozi mwisho wa zamu ndefu, na hakuna anayewaita wavivu. Mapendekezo ya wataalamu wa usingizi wa Marekani ya mwaka 2016 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10 kwa siku. Isitoshe, saa ya mwili wa kijana inasogea mbele, usingizi unakuja kwa kuchelewa na kuondoka kwa kuchelewa. Kile kisanduku changu cha bluu cha saa kumi na moja alfajiri kilikuwa kinapigana na mwili wangu kabla sijafungua macho.

Sitasema kwamba kuanzia kesho yake nilikuwa mtu mwingine. Kuna Jumatano moja, wiki tatu baadaye, nililala nimejifunika hadi jioni. Lakini sikuchora ratiba tena. Kila asubuhi niliandika kwenye kipande kidogo cha karatasi maswali matatu ya siku ile, la kwanza liwe jepesi kiasi cha kuona aibu. Lile la kwanza ndilo lililofungua mlango siku nyingi. Nilirudi pia kwa mwalimu wangu wa hisabati na ile karatasi nyeupe, nikamwambia kweli, na yeye akanyamaza kidogo kisha akanipa viti viwili vya mbele nichague.

Jambo jingine lililobadilika ni namna ya kusoma kwenyewe. Zamani nilisoma sura moja mara tatu, nikapigia mistari, nikaona naijua. Sasa nilikuwa nafunga kitabu na kuandika ninachokumbuka. Kulikuwa kunauma, maana karatasi ilikuwa inanionyesha mashimo. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hilo kwa wanafunzi mwaka 2006: baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Tena waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Nilipoisoma habari hiyo niliwahurumia, maana raha ile ya ukurasa uliozoeleka naijua.

Asubuhi ya mtihani wenyewe wa hisabati nilikaa kwenye ngazi nje ya chumba, nikaandika hofu zangu nyuma ya kipande cha karatasi. Zilikuwa nne. Nikaikunja, nikaiacha kwenye begi mlangoni, nikaingia. Swali la kwanza nililisoma mara mbili. Mikono ilikuwa baridi vilevile, ila iliandika.

Ile ratiba ninayo bado, imekunjwa ndani ya kamusi. Upande wa mbele rangi zimefifia, na hakuna hata siku moja ya visanduku vile niliyowahi kuiishi kama ilivyochorwa. Upande wa nyuma orodha inasomeka vizuri. Katika mambo kumi na moja, mawili yalitokea. Kozi niliyoitaka sikuipata mwaka ule. Na mama alinyamaza kweli alipoyasoma matokeo, akaketi kando yangu, akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka dada aliporudi kutoka kazini.