Tulivyoikuza kampuni ya malori ya familia

Katika biashara ya malori, gari la pili ni gumu kuliko la kumi. Baba alipokuwa na lori moja, dereva alikuwa yeye, karani yeye, na fundi wa dharura yeye. Gea ikikwaruza alijua ni ipi na imeanza lini. Hakuandika kitu kwa sababu hapakuwa na wa kumuuliza. Lilipokuja la pili, usukani ukashikwa na mtu mwingine, dizeli ikawa inalipiwa bila Baba kuiona ikiingia kwenye tangi, na wateja wakawa wanapiga simu wakati yeye yuko mlimani na mzigo. Ndipo nilipoingia mimi, kifungua mimba, niliyekuwa nimemaliza masomo na sina shughuli nyingine ya maana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulipatia kila gari daftari lake. Kushoto mapato, kulia matumizi, na juu kabisa kilomita zinazosomwa kwenye dashibodi kabla gari halijatoka. Dizeli tuliipima kwa njia ya zamani ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda: jaza tangi mpaka shingoni, andika kilomita, ukirudi kujaza, jaza tena mpaka shingoni, kisha gawanya kilomita zilizotembewa kwa lita zilizoingia. Ukijaza nusu halafu ukakisia, hesabu yote imeharibika. Baada ya muda unaijua tabia ya kila gari. Likianza kunywa zaidi kwenye njia ileile na mzigo uleule, kuna jambo: nozeli za kupulizia dizeli kwenye injini zinamwaga, tairi zimepungua upepo, breki moja inashika, au kuna mtu ana mpira na dumu la kuiba dizeli. Wenye magari wengi hulikimbilia hilo la mwisho. Kwetu, mara nyingi ilikuwa breki au upepo, na dereva angetukanwa bure.

Daftari likijaa unapata namba ninayoiheshimu kuliko zote, gharama ya kilomita moja. Zipo gharama zisizojali kama gari limetembea au limelala: marejesho ya mkopo, bima, mishahara. Zipo zinazotembea na gari: dizeli, tairi, oili, spea. Jumlisha zote za mwezi, gawanya kwa kilomita zote, na zile za kurudi tupu zimo. Mteja akiwa umbali wa kilomita 300, unakwenda na mzigo na kurudi na upepo. Umelipwa 300, gari limetembea 600. Bei inayoonekana nono inapungua nusu kabla hata hujamlipa dereva. Baba alizoea kupanga bei kwa kumtazama mteja usoni, na nakiri alikuwa na kipaji hicho. Ila kipaji hicho hakirithishwi kwa karani wa zamu, na kampuni inayokua inahitaji bei ambayo mtu yeyote ofisini anaweza kuitaja bila kumpigia Mzee simu.

Basi nikaanza kutafuta mizigo ya kurudi. Niliandika mahali pote magari yetu yanaposhushia, nikaenda kubisha hodi jirani na hapo: maghala, viwanda vidogo, wenye mbao, wenye vifungashio. Sikuuliza kama wana mzigo, maana kila mtu anao. Nilikuwa nauliza unakwenda wapi, unatoka siku gani, na nani anaupakia. Swali la tatu lina uzito wake. Mzigo wa kurudi ukikulaza getini siku nzima kusubiri watu wa kupakia, afadhali urudi tupu, kwa sababu gari lililosimama halisamehewi marejesho. Wachache waliokuwa na mzigo wa uhakika kila wiki niliwapa bei ya chini kuliko ya kwenda, na sikuona haya. Kwa mzigo wa kurudi kilomita zile zingetembewa vyovyote vile.

Masafa marefu tuliyakataa, ingawa ndiyo yanayosifiwa vijiweni. Tulibaki kwenye njia ambazo dereva anakwenda na kurudi siku hiyohiyo, au kesho yake kwa kuchelewa sana. Gari likiharibika, fundi wetu analifikia. Dereva analala kwake, na dereva anayelala kwake hakimbii kampuni kwa sababu ya nyongeza ndogo ya mshahara. Kupumzika njiani tuliiga kanuni ya Ulaya: baada ya saa nne na nusu za kuendesha, mapumziko ya dakika 45. Wateja wawili watatu walinung'unika. Tuliwapangia muda wa kufika uliohesabu mapumziko hayo tangu mwanzo, manung'uniko yakaisha.

Tulipopata nafasi ya kukopa tena, kila mtu nyumbani alitaka kichwa kipya, yaani gari la mbele lenye injini linalovuta tela. Mimi nikataka tela. Tela halina injini, halina dereva, bei yake ni ndogo kuliko ya kichwa, na ukiliacha kwa mteja anapakia kwa muda wake huku kichwa kimekwenda kuvuta tela jingine. Malcom McLean, Mmarekani aliyeanza na lori moja wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, ndiye aliyesafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X mwezi Aprili 1956, na wazo lake lilikuwa hilohilo: mzigo ukae ndani ya sanduku lake, chombo cha bei kubwa kisisubiri mikono ya watu. Tulipokuwa na matela mengi kuliko vichwa, kazi iliongezeka bila kuajiri dereva mpya hata mmoja. Kaka yangu, anayesimamia gereji, alilalamika kwamba sasa ana tairi nyingi za kukagua, na hakukosea. Hupita kila jioni akitelezesha kiganja juu ya kashata za tairi, vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, kwenda na kurudi. Kwenda kukiwa laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno, ekseli imekaa upande, na hapo hakuna haja ya kusubiri tairi iwe kipara.

Fedha taslimu ndizo karibu zituangushe, na zilitubana wakati kazi imepamba moto. Dizeli unalipa leo, dereva mwisho wa mwezi, mteja mkubwa anakulipa baada ya siku 60 akijisikia. Kwa hiyo kadiri unavyopata mizigo mingi ndivyo unavyozidi kukopesha watu. Kampuni moja iliyotupa kazi nyingi ilichelewesha malipo mpaka tukaanza kuchagua gari lipi lijazwe mafuta. Tulitoka kwa kuzungumza na benki kabla ya tarehe ya marejesho kufika, na tangu hapo ankara inatoka siku ileile mzigo unaposhushwa, ikiwa na hati iliyosainiwa na mpokeaji. Hati isiyo na saini ni mwezi mmoja wa kuzungushwa. Pia hatumruhusu mteja mmoja kushika zaidi ya robo ya kazi zetu, hata awe mlipaji mzuri namna gani.

Lililobaki ni familia, na hapo daftari peke yake halitoshi. Baba alikuwa akitoa pesa kwenye droo ya ofisi kama mtu anayetoa mfukoni mwake, kwa ada, kwa misiba, kwa shemeji aliyekwama. Nilipomwomba aandike, alinijibu, "Mwanangu, gari langu mwenyewe, nimwombe ruhusa nani?" Sikubishana. Nilikwenda kwa Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akizitunza zile pesa tangu enzi za lori moja, na yeye akapendekeza Mzee alipwe mshahara. Mshahara mkubwa, unaomstahi, siku maalumu, na akitaka zaidi anachukua kama mkopo unaoandikwa. Alicheka, halafu akakubali, nadhani kwa sababu wazo lilitoka kwa mkewe. Sote tukaingia kwenye orodha ya mishahara, pamoja na Mama. Mhasibu tulimtafuta nje ya ukoo makusudi, mtu anayeweza kumwambia shemeji kwamba dizeli haikopeshwi bila kugombana naye kwenye harusi.

Kaka ana gereji, mimi bei na wateja, na hakuna anayeingilia meza ya mwenzake mbele ya wafanyakazi. Mabishano yanangoja kikao cha mwezi, Baba akiwa mwenyekiti. Kikao kijacho kina ajenda moja nzito: Kaka anataka gereji ianze kutengeneza magari ya watu wa nje. Nimemwambia alete kwanza hesabu ya saa ambazo mafundi wake hukaa bila kazi.