Siku moja maishani mwangu: kugonga chapa za watawa wa mawe Hangzhou

Saa 2 asubuhi. Juni hapa Hangzhou, Uchina, ni mvua tu, kuta za karakana zinatoka jasho. Chai kwanza, kisha nafuta vumbi kwenye jiwe la leo, ambalo mchongo wake nitaunakili kwa karatasi na wino: mzee wa Kibudha mwenye nyusi ndefu, mmoja wa Waluohan 16, yaani wanafunzi watakatifu wa Buddha. Hili ni jiwe la nakala. Mawe ya asili, yaliyochongwa 1764, yamehifadhiwa hapahapa mjini, kwenye makumbusho ya mawe ya maandishi, nasi hatuyagusi.

Sura hizi zinatajwa kuwa zilichorwa na Guanxiu, mtawa mchoraji (832–912) aliyesema aliwaona ndotoni. Kwa manundu yale ya kichwani, mimi naamini. Mfalme Qianlong wa Uchina alipoiona michoro hiyo mwaka 1757 akaitungia beti, nazo zimechongwa pembeni.

Saa 3. Karatasi ya xuan, karatasi laini ya Kichina, nailowesha kwa maji ya mizizi ya mmea uitwao baiji, yana utelezi kidogo, halafu naitandaza juu ya jiwe. Brashi inaanzia katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Naweka kitambaa, nagonga kwa brashi ngumu mpaka karatasi izame ndani ya kila mchongo. Mkono unauma, lakini ukikwepa hapa, nyusi hazitatoka.

Saa 5. Kusubiri. Unyevu wa leo unanikera. Wino ukiwekwa mapema unasambaa. Ukichelewa, karatasi inabanduka yenyewe. Naipima kwa mgongo wa kiganja.

Saa 6 mchana. Sasa! Nina vifundo viwili vya hariri vilivyojazwa pamba. Kimoja kinapata wino, navigonganisha ili ugawanyike, kisha tap, tap, tap, kwa wepesi. Raundi baada ya raundi. Panapozidi kuwa peusi, mistari iliyochongwa inabaki myeupe: sikio, goti, nyusi zinazoteremka.

Wateja hupenda nyeusi tii inayong’aa. Mimi napenda ile nyepesi iitwayo bawa la nyenje, inayoonyesha hata ngozi ya jiwe.

Saa 9. Mgeni kauliza mbona maandishi hayajageuka kama kwenye mhuri. Kwa sababu wino unapakwa upande wa nje wa karatasi, shangazi. Jiwe lenyewe halipakwi kitu.

Saa 11 jioni. Nabandua taratibu kuanzia kona ya juu, natundika. Simu inaita: oda ya kesho, Waluohan wote 16, nyeusi tii. Haya, pesa ni pesa.